Udongo wa Uwanja wa Mama

Nyumba ya mama yangu haikubomolewa na mtu, na mvua peke yake isingeiweza. Iliangushwa na ufagio. Nikisema hivyo hapa mjini watu wananitazama kama nimechanganyikiwa. Lakini aliyezaliwa kule kwetu Singida, kati ya Ulemo na Misigiri, kwenye ule udongo wa kichanga, hacheki. Anauliza tu, "Alifagia miaka mingapi?"

Udongo wenyewe nauelewa kuliko ninavyowaelewa watu. Ukiuchukua mkavu ukausugua viganjani, mwingi unachuruzika, na kidogo kinabaki kimenasa kwenye mistari ya mkono, rangi ya kahawia yenye wekundu kwa mbali. Ukiuchukua umelowa ukaufinya, unakubali kuwa donge, tena donge zuri. Ukiligusa kwa kidole, linasambaratika. Hauna mawe, hauna mabonge. Jembe linazama lenyewe. Karanga ukizing'oa zinakuja na maganda safi, unazimwaga uani bila kuziosha, na viazi vinatoka vimenyooka. Mvua ikinyesha, hata iwe kubwa namna gani, maji hayakai. Inakatika, watu wanamalizia chai yao, wanatoka kwenda kanisani na viatu vyeupe. Wenzetu wa mbugani wanakwama kwenye tope jeusi, na sisi tulikuwa tunawacheka. Tulijiona tumependelewa.

Kuna mwaka alikuja bwana shamba kuzungumza habari za alizeti. Akachimba shimo pembeni mwa shamba la baba, akatuita tuchungulie. Ukuta wa shimo ulikuwa sawasawa toka juu mpaka chini, hakuna changarawe, hakuna tabaka. Akasema udongo huu haukuzaliwa hapa. Uliletwa na upepo zamani sana, ukarundikwa kidogo kidogo nyuma ya vilima, na chembe zake zinakaribiana ukubwa kwa sababu upepo hubeba kile tu unachokiweza. Ndiyo maana maji yanapita haraka, akasema, na rutuba inapita nayo. Akatuomba tusiuache wazi wakati wa kiangazi, tuufunike kwa mabua. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Upepo gani huo wa kubeba mji mzima?"

Bwana shamba naye akacheka, akala ugali wetu, akaenda zake. Sisi mabua yetu tuliyachoma yote kama kawaida, maana kwetu shamba lenye mabua baada ya mavuno ni shamba la mvivu.

Hapo ndipo penye ugonjwa wa watu wa kwetu: usafi. Msinielewe vibaya, mimi mwenyewe sipendi uchafu. Lakini kwetu mwanamke hapimwi kwa mapishi wala kwa sura, anapimwa kwa uwanja. Watu wakija kumwangalia mchumba, wanaangalia kwanza chini. Mama yangu alifagia kila siku ya Mungu, kabla hajawasha moto, kabla hajamwamkia mtu. Alishika ufagio wa matawi, mkono mwingine ameuweka mgongoni, akaanzia mlangoni na kusukuma kwenda nje, mpaka kwenye ua wa minyaa. Alipomaliza uwanja ulibaki na michirizi ya ufagio, na ole wako wewe mtoto uikanyage kabla jua halijapanda.

Sasa fikiria. Kwenye udongo wa mfinyanzi ufagio unapita juu, unachukua majani na mavi ya kuku, basi. Kwetu haupiti juu. Kila ukipita unaondoka na ngozi nyembamba ya ardhi. Kilicholegezwa na ufagio asubuhi kinachukuliwa na upepo mchana, na upepo wa Singida wakati wa kiangazi jamani msiuulize, unakula hata kuta. Mvua zikija, maji ya kwenye bati yanachimba palepale palipolegea. Mwaka hadi mwaka.

Nilipokuwa mdogo mlango wetu ulikuwa sawa na uwanja, kuku waliingia wakitembea. Nilipovunja ungo kulikuwa na jiwe la kukanyagia. Nilipoolewa, baba alikuwa ameongeza jingine, kubwa zaidi. Hakuna aliyesema uwanja umeshuka. Tulisema nyumba imepanda! Baba aliwatania wageni, "Karibuni, karibuni ghorofani," na wageni walicheka, na sisi tukacheka.

Baba akafariki. Kaka yangu, mtoto wao wa kiume wa pekee, alikuwa ametangulia. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walikaa uwanjani, na aliyesema kwa niaba yao ni baba mdogo, ndugu wa tumbo moja na baba, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa minyaa.

"Shemeji atakaa," alisema. "Hakuna wa kumsumbua. Maadamu anaukalia mji, mji ni wake. Siku akiuacha, unarudi kwenye ukoo."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilisikika kama huruma. Mji maana yake ni nyumba, uwanja, na shamba la karanga la nyuma, kila kitu mama alichokifanyia kazi toka akiwa binti. Mimi sikuhesabiwa. Mimi ni mtoto wa kike, tena niliyeachika, nimepanga vyumba Singida Mjini na ninauza mafuta ya alizeti karibu na stendi. Nilimvuta mama jikoni nikamwambia twende mahakamani, sheria ipo, mjane ana haki zake. Alinitazama kama nimemtukania marehemu.

"Nimshitaki shemeji yangu? Halafu nikifa nani atanichimbia kaburi?"

Hasira ninazo nyingi lakini hilo lilinikata maini.

Tangu siku ile baba mdogo akawa na tabia mpya. Kila asubuhi akipeleka ng'ombe alisimama penye minyaa, akatazama uwanja wetu, ndipo akasalimia. Kwanza uwanja, halafu salamu. Mama hakuwa mjinga. Alielewa kinachotazamwa. Mji wenye mtu unafagiwa. Mji ulioachwa unaota majani. Hakukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba yule mwanamke anaishi pale na hajaondoka. Kulikuwa na michirizi ya ufagio tu. Akaanza kufagia asubuhi na jioni. Akiumwa malaria alifagia ameinama, anatetemeka. Jirani mmoja aliniambia alimwona akifagia amekaa chini, anajisogeza kwa makalio. Nililia kwenye simu pale stendi, wateja wananiangalia.

Nilipokwenda wakati wa mavuno ya alizeti, nilikuta kuku ametotoa. Vifaranga vilikuwa vinatoka chini ya nyumba. Sio ubavuni mwa nyumba, chini yake! Nilipiga magoti nikachungulia kwenye ile kona ya chumba cha kulala. Mawe ya msingi, ambayo babu zetu waliyafunga kwa tope na kuyazika, yalikuwa yamesimama nje yote kama meno ya mzee, na chini ya yale ya mwisho hakukuwa na kitu. Udongo ulikuwa umemwagika wenyewe kutoka chini yao, mkavu, mwepesi, chembe baada ya chembe. Niliona mwanga wa upande wa pili.

"Mama," nikasema, "unalala juu ya shimo."

"Nalala kwangu," akasema.

Nilirudi mjini, nikarudi tena kijijini na fundi, saruji na mawe. Fundi alisema kazi si kubwa: kujaza kona, kuzungushia nyumba nzima kitako cha mawe na saruji, maji yasianguke tena kwenye udongo mtupu. Alikuwa ameanza kukoroga baba mdogo alipokuja. Nilikuwa nimeshakasirika kabla hajafungua mdomo, lakini kwetu shikamoo haikwepeki hata kama unataka kumng'ata mtu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hii saruji ni ya nini?"

"Ya msingi. Nyumba inaning'inia, njoo uone mwenyewe."

Hakuja kuona. Alisimama palepale, akamwangalia fundi.

"Leo msingi, kesho utasema nyumba umejenga wewe. Saruji haiwekwi na binti kwenye mji wa ukoo. Kama nyumba imechoka, shemeji aseme amechoka nayo, tutampokea sisi."

Weee! Nilimvaa. Sikumbuki yote niliyosema, na mengine nayakumbuka lakini hayaandikiki. Nilimuuliza kama anataka nyumba au anataka maiti. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitia wazimu. Mama akatoka ndani anajifunga khanga, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo.

"Shemeji, msamehe mwanao, amekaa sana mjini," akasema. Kisha akamgeukia fundi. "Baba, pole na kazi. Kusanya vitu vyako."

Fundi alikusanya vitu vyake. Ile saruji aliyokwisha koroga ilikauka pale uwanjani, na kesho yake mama akafagia kuizunguka.

Tulibaki wawili, mimi na yeye, na tuligombana siku nzima kama wake wenza. Nilimwambia aache kufagia. Ni hivyo tu, aache, nyasi ziote, mizizi ishike udongo.

"Majani mlangoni kwangu? Siku ukiona majani mlangoni kwangu ujue nimekufa au nimehama. Na yule pale anasubiri hayo hayo."

"Basi fagia, lakini fagilia ndani. Geuza ufagio. Udongo usukume kwenye msingi badala ya kuupeleka kwenye minyaa."

Aliacha kuchambua mboga. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia neno chafu kama hilo kutoka kwa mtoto aliyemzaa.

"Nifagilie taka kwenye ukuta wangu? Nijikusanyie uchafu mlangoni? Kwani mimi mchawi?"

"Sio taka, mama, ni udongo!"

"Ukishafagiwa ni taka."

Nilinyanyuka nikachukua ufagio wake, nikauvunja kwenye goti, nikautupa jikoni kwenye moto. Mama alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na matawi mabichi, akakaa kizingitini akaanza kufunga mwingine, anaukaza kwa meno. Nilimtazama mgongo wake mdogo uliopinda nikajiona sina maana. Nilipanda basi jioni ile sijaaga vizuri.

Mvua za mwaka ule zilianza kwa fujo. Udongo wetu haushindwi na maji, nimeshasema, unayanywa yote. Ila kuna jambo moja bwana shamba hakulisema, au alilisema sisi tunacheka: ukishashiba unakuwa mzito, na usiposhikwa na kitu unateleza. Mchana wa siku hiyo mama alikuwa jikoni, jiko letu lipo pembeni ya nyumba. Akakumbuka blanketi lake lipo kitandani na bati pale linavuja. Akaingia kulichukua. Kona ya chumba ikatoka, ikaenda nje yote kwa pamoja, na boriti ya paa ikashuka juu yake.

Waliomtoa walikuwa baba mdogo na wanawe. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaniuma. Alichimbua matofali kwa mikono yake, akamfunika mama kwa koti lake, akatafuta gari na kukaa naye nyuma kwenye bodi mpaka hospitali, amemshika kichwa kisigonge. Nilipofika nilimkuta kwenye benchi, amejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, pole mwanangu. Nikasema asante. Ningesema nini?

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema kwa umri wake, na kwa presha yake, hawatathubutu kumpasua, alale tu, tumgeuze, tumwombee. Alipotolewa wodini nilimleta kwangu. Vyumba vyangu vipo kwenye nyumba ya kupanga, ukumbi katikati, uwanja wote umemwagwa saruji na wapangaji wanapokezana kuudeki. Mama alilazwa karibu na dirisha. Aliutazama ule uwanja muda mrefu.

"Huu hata ukifagia hakuna kinachoonekana," akasema.

Siku za mwanzo alikuwa anaweweseka. Maumivu yalipopungua akaanza swali lake moja. Uwanja. Nani anafagia uwanja? Nilikuwa nimempigia simu jirani, naye aliahidi, lakini mvua zilikuwa zinaendelea na kila mtu yupo shambani kwake. Mimi nilishindwa kumwacha mama: kumgeuza, kumlisha, kumsafisha, halafu kukimbia stendi kuuza chupa chache za mafuta na kurudi. Kila nilipomwambia nitakwenda kesho, alinitazama kwa yale macho.

"Majani yanaota, mwanangu. Wakikuta majani wamemaliza."

"Mama, nyumba imeanguka. Unafagia nini sasa?"

"Imeanguka kona. Vyumba vingine vimesimama. Mimi sijahama, mimi naumwa. Nenda kafagie wajue naumwa."

Alinishika mkono. Hakuwa na nguvu ya kunywa uji lakini alinishika mpaka kucha zikaingia. Kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo siku hizi naisikia kwake tu, alinibembeleza kama mimi ndiye mama na yeye mtoto. Na mimi, mwanamke niliyezoea kumjibu kila mtu, nikamwomba mpangaji mwenzangu amwangalie, nikapanda basi la asubuhi.

Njia nzima nilikuwa najiandaa kwa majani. Nilijua kule mvua ikishapiga, magugu yanakuja mpaka magotini. Nilijiambia nitang'oa yote kwa mikono, nitafagia mpaka michirizi ionekane toka barabarani, kisha nitakwenda kwa baba mdogo nimwambie mbele ya mkewe kwamba mama hajahama, anaumwa tu. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Nilishuka, nikapanda bodaboda, nikateremka penye njia yetu na kwenda kwa miguu.

Hakukuwa na jani hata moja.

Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri, ukavu wake umerudi kama kawaida yake, michirizi bado mipya. Matofali yaliyoanguka yalikuwa yamepangwa pembeni. Kwenye ile kona palikuwa na mawe mapya, na mifuko ya saruji imeegemezwa ukutani. Mke wa baba mdogo, mama mdogo wangu, alikuwa ameinama na ufagio. Alikuwa anatoka kwenye minyaa kuja ukutani. Alisukuma ule udongo wote ambao mama alikuwa ameupeleka kule toka alipoolewa, akaufikisha kwenye msingi, akaushindilia kwa kisigino, akarudi kuchukua mwingine. Kumbe wanajua. Kumbe kila mtu kule alikuwa anajua.

Aliponiona alinyanyuka, akajifuta jasho.

"Karibu mwanangu! Karibu, mgeni wetu."

Nimeitwa mambo mengi maishani mwangu, lakini hakuna lililoniingia kama hilo, pale mlangoni nilipozaliwa. Nilisimama na mkoba wangu. Yale maneno niliyoyapanga kwenye basi yalikuwepo, yote, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi.

"Shikamoo mama mdogo," nikasema.

"Marahaba. Mama anaendeleaje? Tunamwombea kila siku."

Akanipa kiti. Akanipa uji wa karanga, karanga za shamba la nyuma, mpya. Wakati wa kuondoka akanifungia viazi vitamu kwenye kiroba, nimpelekee mgonjwa. Nilivipokea. Mpaka leo sijui kwa nini nilivipokea.

Nilifika mjini jua linazama. Mama alikuwa ameegemezwa mito mgongoni, macho mlangoni, na ninaamini alikuwa hivyo toka asubuhi.

"Umekuta majani mengi?"

"Hapana, mama. Uwanja umefagiwa."

Uso wake ukafunguka. Alikuwa hajanitazama vile tangu aangukiwe na nyumba. "Ee Mungu. Nani kafagia?"

"Mama mdogo."

Nje wapangaji walikuwa wanagombana zamu ya maji. Nilishika kiroba cha viazi nikitafuta pa kukiweka.

"Anafagilia wapi?" akauliza.

Nilielewa swali lake, na nilitamani nisingelielewa.

"Anafagilia ndani, mama. Anapeleka kwenye msingi."

Alitazama mikono yake juu ya shuka, akaigeuza viganja juu, kisha akaifunga.

"Basi wamekusudia kukaa," akasema. Na baada ya muda, "Nigeuze. Nataka kulala upande wa ukutani."

Nikamgeuza.